Umuvumu Juu ya Ukuta

Mimi ukinionyesha ukuta ulioota majani na kuniambia unapendeza, tutakosana. Nimeshakosana na mume wa binti yangu, kijana mpole asiyewahi kuniudhi kwa lolote, kwa sababu aliacha mmea utambae kwenye ukuta wa nyumba yake mpya akasema unaleta ubaridi. Nilimwambia mmea hauleti ubaridi, unaleta mizizi. Akacheka, akidhani natania. Binti yangu akamkonyeza anyamaze, maana anajua nikianza habari za kuta sikomei hapo. Nafika hadi Ngara, hadi kwenye kilima ambacho leo hakina hata bonge la udongo la kukuonyesha.

Na kweli ndiko ninakotaka kufika. Natamani kufika huko kila mvua inapoanza, ule unyunyu wa kwanza unapogusa udongo mkavu na harufu ikapanda puani. Watu wengine husikia harufu hiyo wakawaza mashamba. Mimi naiwaza nyumba yetu ya zamani mpaka leo, mtu mzima na wajukuu zangu.

Nyumba ile ilijengwa na babu, baba wa baba yangu, ambaye sikumkuta hai. Nyumba nyingi za kwetu Kibimba zilikuwa za fito na udongo, na za wazee zaidi zilikuwa misonge ya nyasi kutoka juu hadi chini. Babu alipokuwa kijana alikwenda kufanya kibarua cha kubeba udongo kwa mapadri huko Rulenge, akarudi na ujuzi mpya. Akajenga kuta za udongo mtupu, bila fito hata moja. Waliukanyaga udongo wa kichuguu kwa miguu pamoja na nyasi zilizokatwakatwa, wakaupanga hadi usawa wa goti, wakauacha ukauke, wakapanga tena juu yake. Kazi hiyo ilikula kiangazi chote na majirani walimcheka, wakamuuliza kama anajenga nyumba au anajenga kilima kingine juu ya kilima. Lakini ilipokamilika, unene wa ukuta ulikuwa wa mkono mzima, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Dirishani mtoto aliweza kuketi, akakunja miguu, akalala usingizi. Najua kwa sababu nililala.

Kujenga ilikuwa kazi ya wanaume. Kusiriba ilikuwa kazi yetu. Kila kiangazi, baada ya mavuno ya maharage, Bibi alichanganya udongo, majivu na samadi mbichi ya ng'ombe, akaanza kupaka nyumba nzima kwa viganja, ndani na nje. Mama alipoolewa akaungana naye, nami nilipoweza kubeba kibuyu cha maji nikaungana nao. Mwisho wa kazi yetu ulikuwa pale mkono unapoishia. Juu ya hapo palikuwa pa wanaume, kwa sababu kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Haezeki, hatengenezi paa, hakanyagi hata kichwa cha ukuta. Mwanamke akipanda juu ya nyumba ya mumewe ni kama anatangaza kwamba mume huyo hayupo tena duniani. Hatukuliona hilo kuwa jambo la kujadili. Ilikuwa hivyo kama vile jua linavyochomoza upande mmoja.

Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijijini, mkoa wetu ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Tuliambiwa tushuke kilimani, tukajenge kando ya barabara kwa mistari iliyonyooka, kila familia na kiwanja chake. Nisiseme uongo: shule ilikuwa karibu, na Kiswahili hiki ninachokiandika nilikipata huko, maana nyumbani tulizungumza Kihangaza tu. Lakini siku ya kuhama nililia. Tuliagizwa tuchukue miti na nyasi zetu wenyewe tukajengee huko chini, kwa hiyo baba alipanda juu ya nyumba ya baba yake, akaiezua kwa mikono yake, boriti moja baada ya nyingine, akawa anazishusha kwetu bila kututazama usoni. Tulibeba kila kitu kilichobebeka. Kuta hazibebeki, zikabaki.

Jioni ile Bibi alikataa kula. Baba akamchutamia akamwambia, "Mama, nyumba haijafa. Imevua kofia tu. Siku moja watachoka na mistari yao, nami nitaivisha tena."

Alilimaanisha neno lake. Migomba yetu ilikuwa bado huko juu, kwa hiyo tulipanda kilimani kila mara kwenda kulima na kukata ndizi. Baba alitandaza nyasi na majani makavu ya migomba juu ya vichwa vya kuta zote, akayakandamiza kwa mawe, na kila kiangazi aliyabadilisha. Sisi wanawake tukaendelea kusiriba. Watu wa kijijini walituona tukipita na ndoo za samadi wakatutania: "Mnakwenda kumpaka mafuta marehemu?" Mama alicheka nao, akapita. Mama alikuwa na kipaji cha kucheka na watu huku hasikilizi wanachosema.

Sasa nieleze jinsi ukuta unavyougua, maana nimeuona ukiugua hatua kwa hatua na sijakutana na mtu anayetaka kunisikiliza.

Kwanza ulikuja ukijani, upande ule usiopigwa na jua la asubuhi. Ulikuwa mwembamba sana, unateleza ukiugusa, na kiangazi ulikauka ukawa mweusi. Hatukuujali. Msimu uliofuata yakaja madoa ya mviringo, ya kijivu na mengine ya rangi ya machungwa, yakiwa na kingo zilizokunjamana. Bibi aliyaita choa, kama kile cha kichwani kwa watoto, nasi sote tukayaita hivyo. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja aliniambia kwamba kitaalamu kitu kile kinaitwa kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioamua kuishi chumba kimoja na kulishana. Nikamwambia kama ni hivyo basi hao wapangaji walitukalia pasipo kodi. Kwangu mimi ni choa mpaka kesho.

Choa tulikikwangua kwa vigae vya chungu. Mama alikwangua, Bibi alikwangua, nami nilikwangua kwa bidii na ubishi wa mtoto anayetaka sifa. Tulichokiona baadaye ni kwamba choa hakikai juu ya udongo. Kinauingia na kuushika, na ukikibandua kinatoka na ngozi ya ukuta. Mahali tulipokwangua pakabaki pakavu na pa unga, na mvua ilipopiga, maji yakachimba palepale. Mahali tulipopasahau, choa kikaendelea kutambaa. Tukawa hatujui lipi ni jema, kukikwangua au kukiacha.

Mama akaamua tatizo ni uchache wa samadi. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo kila mwanamke wa pande zile angefanya: ukuta ukidhoofika, zidisha samadi, inashika udongo usipasuke. Tukazidisha. Tulipaka tabaka nene, likapendeza, tukashuka tumeridhika. Mvua ziliponyesha nyumba ikaota nyasi. Sisemi nyasi za pembeni. Namaanisha ukuta wenyewe, ule tuliousiriba kwa mikono yetu, ulichipua majani kila mahali kama kitalu. Ng'ombe wamekula nyasi zenye mbegu, mbegu zimetoka na samadi, na samadi tumeipaka sisi. Zamani chini ya paa ukuta ulikuwa mkavu na mbegu zilikufa kimya kimya. Sasa paa halikuwapo, mvua ikaziamsha. Dawa ilikuwa ileile aliyoitumia Bibi tangu usichana wake, na haikuwa imekosea hata siku moja, ila ilikuwa dawa ya nyumba yenye kofia.

Mama alisimama mbele ya ukuta ule wa kijani akashika kiuno. Kisha akaanza kung'oa nyasi, na kila shina likatoka na bonge lake la udongo. Akaacha.

Na umuvumu? Umuvumu uliota juu, kwenye kichwa cha ukuta wa mbele, hapo pembeni juu ya mlango. Ni mti wa jamii ya mkuyu, na mbegu yake huletwa na ndege waliokula matunda. Kwetu mti huu si mti tu. Ndio uliopandwa kuzunguka maboma ya wazee wetu, na mtu akikuta umuvumu mkubwa porini anajua hapo palikuwa kwa watu, anapita kwa adabu. Haukatwi ovyo. Siku Baba alipokuwa akibadilisha nyasi za juu alikuta mche wake, majani manne au matano yanang'aa, akaushika ili aung'oe. Bibi alikuwa chini akapiga kelele nikadhani ameumwa na nyoka.

"Acha! Acha hivyo hivyo! Ni baba yako huyo. Amekuja kulinda nyumba yake."

Baba akamtazama mama yake, akatazama mche, akautazama mkono wake mwenyewe. Alijua kabisa mti hufanya nini kwenye ukuta. Lakini Bibi alikuwa ameketi chini, anacheka na kutokwa machozi kwa pamoja, anauliza habari za huko alikotoka kana kwamba anaongea na mtu aliyerudi kutoka safari. Tangu tuhame sikuwa nimemwona amefurahi namna hiyo. Baba akaupangia nyasi pembeni, akashuka.

"Kiangazi kikali kitaumaliza chenyewe," alimwambia Mama kwa sauti ya chini.

Kiangazi hakikuumaliza. Na toka hapo kila tulipopanda, Bibi alikwenda kwanza chini ya ule mche, akautolea salamu, akauambia nani ameumwa, nani amezaa. Mama alisubiri amalize, akiwa ameinamisha kichwa kama mkwe mwenye heshima, lakini mimi nilimwona akitazama juu. Alikuwa anapima.

Vita vilipoanza huko kaskazini, wanaume wa mgambo wakaitwa. Baba alikuwa mgambo. Alipata muda wa kutuaga, na muda huo akautumia kupanda kilimani pamoja nasi. Alizunguka nyumba, akaigonga kuta kwa kiganja pande zote, akasikiliza. Juu ya mlango palikuwa pameanza ufa, mwembamba, unaoingia ukucha tu. Akapitisha kidole juu yake. Kisha akamgeukia Mama.

"Nikute imesimama," alisema. "Nikirudi naezeka, wapende wasipende. Nimechoka kulala barabarani."

"Utaikuta," Mama alijibu.

Hayo tu. Alfajiri iliyofuata akapanda lori pamoja na wenzake wakiimba, nasi tukarudi nyumbani, Mama akaanza kuishi kwa ajili ya neno lile. Sisemi hivi kwa kutia chumvi. Habari za Baba hazikuja. Redio ilikuwa moja, kwenye duka la kijiji, na ilizungumza habari za jeshi zima, haikuzungumza habari za mtu mmoja. Kitu pekee cha Baba ambacho Mama aliweza kukigusa na kukitunza ni kuta zile. Alizitunza kama mtu anayemuuguza mgonjwa ambaye akipona, na mwingine aliye mbali atapona.

Lakini hakuweza kupanda. Fikiria hilo. Masika yalikuja makubwa, nyasi za juu zikaoza kwa kukosa wa kuzibadilisha, na mche ule ukawa mti mdogo wenye shina la unene wa mpini wa jembe. Ufa uliokuwa wa ukucha ukawa wa kidole. Mama alisiriba hadi mwisho wa mkono wake, akasimama kwa ncha za vidole, akajinyoosha, na juu ya hapo akabaki kutazama. Hakuthubutu kupanda juu ya nyumba ya mume aliye vitani, maana angekuwa amemtangaza marehemu kwa miguu yake.

Nikamwambia, "Mama, nipande mimi. Mimi sina mume."

"Una baba," akasema.

Akaenda kwa jirani mmoja mzee, aliyekuwa amepita umri wa kwenda vitani, akamwomba apande yeye. Mzee yule alikuwa mwema, hakumfukuza. Alimkaribisha, akampa kigoda, kisha akamwambia ukweli: "Mwanangu, nikionekana juu ya nyumba ya mwenzangu aliye vitani, watu watasema nini? Watasema nimepata habari." Mdogo wangu wa kiume alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mwanamume mwingine wa kupanda hatukuwa naye.

Na watu hawakukosa ushauri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila tuliyekutana naye njiani alitutupia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akapita zake akiwa ameridhika na hekima yake. Nilimchukia kila aliyeisema. Aliyeitunga methali ile hakuwa mwanamke, na ufa wake haukuwa juu ya kimo chake.

Siku moja, mvua ikiwa imekatika asubuhi, tulipanda wote watatu. Bibi kama kawaida akaenda kwanza chini ya mti wake. Lakini siku ile hakuanza mazungumzo. Alisimama akiutazama ufa, ambao sasa ulikuwa umeshuka kutoka juu ya mlango hadi usawa wa kifua chake. Akaingiza mkono ndani. Ukaingia mpaka kifundoni. Nikaona uso wake umebadilika.

"Upo hapa," alisema. "Mzizi upo hapa. Umelowa kama utumbo."

Mama angemwambia mama mkwe wake nini kuhusu marehemu mume wake?

Bibi akatoa mkono, akaufuta kwenye kanga. "Mimi nilisema ni yeye. Labda ni yeye. Lakini kama ni yeye, mbona anamfukuza mwanawe?" Akageuka. "Nileteeni kinu."

Kinu cha zamani kilikuwa kimebaki uani kwa sababu kilikuwa kimepasuka. Tukakiviringisha, tukakipindua chini ya ukuta. Mama alipoelewa Bibi anataka kufanya nini alipiga magoti kwenye tope akamshika miguu. "Mama, hapana. Mwiko, Mama."

"Mwiko wa nani?" Bibi alisema, na sauti yake ilikuwa kali, ile ya zamani, kabla ya kuhama. "Wewe ukipanda unamuua mumeo. Huyu akipanda anamuua baba yake. Mimi mume wangu alishakufa. Nikipanda, namuua nani?"

Nimelifikiria swali hilo maisha yangu yote.

Akapanda juu ya kinu, mwanamke mzee mwenye magoti mabovu, mimi nimeshika mguu mmoja, Mama ameshika kiuno. Hakufika juu. Mama akainama, Bibi akaweka goti begani mwake, tukamsukuma sote, akafika. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Miguu yake ilining'inia na tope likatudondokea machoni, naye akiwa juu anahema, kifua chake kimelalia kichwa cha ukuta pale ambapo hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyewahi kufika. Akaushika umuvumu kwa mikono miwili chini kabisa ya shina.

Aliongea nao kwa Kihangaza, polepole, kama alivyokuwa akiongea na mtu wa karibu sana. Alisema: "Mzee, nisamehe. Umekaa, umetosha. Teremka sasa. Mtoto anarudi, anataka kulala kwake."

Akavuta. Mti haukutoka. Akavuta tena, nasi tukasikia ndani ya ukuta, ndani kabisa, kitu kinakatika kidogo kidogo. Mzizi ukaanza kutoka, mrefu, mweupe, unafuata ufa kwenda chini. Kisha Mama akapiga kelele na kumvuta Bibi kwa nyuma, tukaanguka wote watatu uani juu ya tope, na ukuta wa mbele ukaanguka upande wa ndani.

Haukuanguka kwa kishindo. Udongo ule ulikuwa umelowa, ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka. Nilipofuta macho, mahali palipokuwa na mlango niliona ukuta wa nyuma, na migomba juu yake. Mizizi ilikuwa imeenea ndani ya ukuta kama wavu, na sasa tukaelewa kilichokuwa kikitokea: mti uliupasua ukuta, na baada ya kuupasua ukaushika. Tungeuacha, ungeendelea kuupasua. Tulipoung'oa, hakikubaki cha kuushika. Kuta nyingine tatu zilibaki peke yake kwenye mvua, na hazikumaliza masika.

Bibi alikaa kwenye tope na mti mapajani. Mama alinyanyuka, akatafuta ufagio wa vijiti, akaanza kufagia uwanja. Alifagia uwanja wote, hadi kwenye migomba, akakusanya takataka, akazitupa. Ndipo akasema, "Twendeni."

Zikaja siku mbaya kuliko zote. Hakuna aliyesema, lakini sote tulijua inavyosomwa nyumba ya mtu aliye vitani ikianguka: mwenyewe hatarudi. Majirani walipanda kilimani kutazama, wakaja kwetu wakiwa na nyuso za msibani, wakakaa, wakanywa maji, wakaondoka. Mama aliacha kucheka na watu. Kila lori lililopita barabarani alitoka nje, akasimama, likipita anarudi ndani. Bibi hakusema na mtu. Nilimsikia mara moja tu akinong'ona, "Kama nimemuua, nimemuua mimi."

Baba alirudi mchana mmoja wa kiangazi, kwa miguu, amekonda, amevaa mabuti ambayo hayakuwa yake. Nilikuwa nachambua maharage nje. Sikumtambua mpaka alipokohoa. Nikasema shikamoo kama ninavyomsalimia mgeni, akaitikia marahaba, na kwa sauti ile nikaangusha ungo. Mama alitoka, akasimama mlangoni, akashika mwimo. Hakumkimbilia. Alishuka taratibu, akakaa kizingitini.

Kabla hajanywa maji Baba aliuliza, "Nyumba?"

Ni Bibi aliyejibu. "Imeanguka. Mimi ndiye niliyeiangusha. Nilipanda nikaung'oa mti, ikaanguka."

Alikasirika, nisimpambe. Baba yangu mpole alipiga kelele mbele ya mama yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baadaye. Alisema kule alikokuwa hakuwa na kitu kingine cha kuwaza. Alisema alilala kwenye mahandaki akiiezeka nyumba ile kichwani mwake, boriti kwa boriti. Alisema tumeshindwa kumtunzia kitu kimoja. Kisha akaenda kilimani na mabuti yale, nasi tukamfuata kwa mbali.

Tulimkuta amesimama juu ya lundo la udongo. Nyasi zilikuwa zimeshaanza kulifunika. Alikuwa ameokota bonge kubwa la ukuta, na upande uliovunjika ulionyesha siribo zote, tabaka juu ya tabaka, nyembamba, moja ya kijivu, moja nyekundu, nyingi mno. Akaweka ukucha, akabandua ya juu. Ikatoka nzima. Chini yake, kwenye tabaka lililofuata, mistari ya vidole ilikuwa imebaki kama ilivyopakwa, nusu duara baada ya nusu duara.

"Mkono wa nani huu?" aliuliza. Hasira ilikuwa bado sautini, lakini aliuliza.

Mama akasogea. "Wangu. Kiangazi kabla hujaondoka."

Akabandua nyingine kadhaa. "Na huu?"

"Wangu. Nilikuwa na mimba ya huyu," akanionyesha mimi. "Ona mistari ilivyo mifupi. Nilikuwa siwezi kunyoosha mikono."

Akaendelea kubandua, taratibu sasa, na kila tabaka Mama alilijua, mpaka lile la mwaka alioolewa, vidole vimepinda huku na huku, mkono wa mtu asiyejua kazi. Mama akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu masika. Baba akabandua na hilo. Chini yake palikuwa na mistari mingine, mipana, imenyooka, imepakwa na mtu hodari asiye na haraka. Mama akatikisa kichwa. Hakuijua.

Baba akamgeukia Bibi, akampelekea lile bonge kwa mikono miwili.

Bibi aliliweka mapajani, akanyoosha mkono wake wa kulia, akajaribu kuviweka vidole vyake ndani ya mistari. Havikuingia. Viungo vilikuwa vimevimba, kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda siku nyingi. Akajaribu tena. Akajaribu mkono wa kushoto.

"Nilikuwa msichana," alisema, kwa mshangao, kana kwamba kuna mtu kati yetu aliyekuwa amembishia. Kisha akalia, na Baba akakaa chini kwenye udongo kando yake, akaushika ule mkono, na habari ya kuezeka hakuisema tena.